Katherine Routledge: Aliyetoka Nyeri kwenda kuwasikiliza wazee wa Kisiwa cha Pasaka

KATIKATI ya Bahari ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka pwani ya Chile, kipo kisiwa kidogo ambacho wenyeji wake hukiita Rapa Nui. Mholanzi Jacob Roggeveen alikiona siku ya Pasaka ya mwaka 1722, na tangu wakati huo walimwengu wamekiita Kisiwa cha Pasaka. Umaarufu wake umetokana na sanamu kubwa za mawe, zaidi ya 900 kwa hesabu, zilizochongwa na watu ambao hawakuwa na vifaa vya chuma.

Wengi wameziona sanamu hizo pichani. Ni wachache wanaofahamu kwamba miongoni mwa waliofanya utafiti mkubwa wa kwanza wa kuzichimba na kuziorodhesha alikuwamo mwanamke. Wachache zaidi wanafahamu kwamba mwanamke huyo, kabla ya kufika huko, alikuwa ameishi karibu na Nyeri, humu nchini Kenya, miongoni mwa Wakikuyu.

Jina lake ni Katherine Routledge. Aliyapata mengi katika kisiwa hicho cha mbali, na mwishowe akapoteza karibu yote.

Binti wa matajiri

Alizaliwa Agosti 11, 1866 mjini Darlington, kaskazini mwa Uingereza, na kupewa jina Katherine Maria Pease. Ukoo wa Pease ulikuwa na mali nyingi. Mzee Edward Pease alikuwa mmoja wa waanzilishi wa reli ya Stockton na Darlington iliyofunguliwa mwaka 1825, reli ya kwanza ya umma kutumia gari la moshi.

Walikuwa waumini wa Quaker, madhehebu yaleyale ambayo wamisionari wake walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902 na kupata wafuasi wengi. Katika ibada za Quaker mwanamke aliruhusiwa kusimama na kusema sawa na mwanamume. Nje ya ibada, mambo yalikuwa tofauti. Binti wa nyumba ya kitajiri alitarajiwa kukaa nyumbani, kupokea wageni na kumngojea mume.

Babake, Gurney Pease, alifariki mwaka 1872 Katherine akiwa bado mtoto mdogo. Kulikuwa na jambo jingine ambalo familia haikupenda kulitaja. Maradhi ya akili yalikuwamo nyumbani humo. Kaka yake mmoja aliugua, naye Katherine mwenyewe, kama anavyoeleza mwandishi wa maisha yake, alisikia tangu utotoni sauti ambazo watu wengine hawakuzisikia.

Alikataa kukaa na kungoja. Alijiunga na Somerville, nyumba ya wanafunzi wa kike katika Chuo Kikuu cha Oxford, akasoma historia na kufaulu kwa heshima mwaka 1895. Hata hivyo, Oxford wakati huo ilikuwa ikiwafunza wanawake na kuwatahini, lakini ikiwanyima shahada. Haikuanza kuwapa hadi mwaka 1920. Katherine alilazimika kuipata shahada yake ya uzamili kutoka Chuo cha Trinity mjini Dublin, kilichokubali kuwatunuku wanawake waliofaulu kwingine.

Alifundisha kwa muda. Baada ya Vita vya Makaburu kumalizika mwaka 1902, alisafiri hadi Afrika Kusini na kamati iliyochunguza jinsi wanawake Waingereza wasio na waume wangeweza kuhamia huko kufanya kazi. Alipofikisha umri wa miaka 40 alikuwa na elimu na fedha, lakini hakuwa na kazi iliyolingana na elimu hiyo.

Miaka ya Nyeri

Mnamo 1906 aliolewa na William Scoresby Routledge, mzaliwa wa Australia aliyependa safari na uwindaji. Scoresby alikuwa tayari amekaa miongoni mwa Wakikuyu, katika himaya iliyoitwa wakati huo Afrika Mashariki ya Uingereza. Wawili hao walirudi huko pamoja na kupiga kambi karibu na kituo cha serikali cha Nyeri.

Utawala wa Waingereza katika eneo hilo ulikuwa mchanga. Nyeri yenyewe ilikuwa kituo cha miaka michache tu, kilichowekwa baada ya majeshi ya kikoloni kuwashambulia wenyeji. Wanandoa hao waliandika kuhusu kilimo, uhunzi, ufinyanzi, ndoa, ibada na hadithi za Wakikuyu. Katherine aliweza kuketi na wanawake na kuzungumza nao kwa namna ambayo mtafiti wa kiume hangeweza kwa urahisi.

Ni hapo Nyeri walipojiingiza katika kesi iliyotikisa serikali. Mnamo 1908 walimshutumu afisa mmoja wa utawala, Hubert Silberrad, kwa kuwaweka kinyumba wasichana Waafrika. Malalamishi yalifikishwa kwa gavana, uchunguzi ukafanywa, na afisa huyo akapewa adhabu ambayo Scoresby aliiona kuwa ndogo mno. Mnamo Desemba mwaka huo aliandika barua katika gazeti la The Times la London, na suala hilo likazua mjadala Uingereza. Januari 1909, waziri wa makoloni, Lord Crewe, alitoa waraka wa kuwaonya maafisa katika makoloni dhidi ya mienendo ya aina hiyo.

Maafisa na walowezi wengi hawakuwasamehe wanandoa hao kwa kuianika siri hiyo hadharani. Kwa wasomaji wa leo, kisa hicho kinaonyesha kwamba dhuluma dhidi ya wasichana ilijulikana na kupingwa hata wakati huo, na kwamba wenye mamlaka walichagua kuifunika.

Kitabu chao kuhusu Wakikuyu kilichapishwa London mwaka 1910. Kwa Kiingereza walikiita With a Prehistoric People, yaani watu wa kabla ya historia. Jina hilo linaudhi. Watu waliokuwa wakilima, wakifua chuma, wakiamua kesi na kuhesabu vizazi vyao walielezwa kana kwamba historia haijawafikia. Miaka 28 baadaye, Jomo Kenyatta alichapisha kitabu chake mwenyewe kuhusu jamii hiyohiyo, naye hakuhitaji mgeni wa kumwambia kama watu wake wana historia au hawana.

Huyo ndiye Katherine aliyeelekea Pasifiki. Alikuwa amejifunza kuketi na kusikiliza, lakini alikuwa bado amebeba kasoro za wakati wake.

Merikebu yenye jina la Kipolinesia

Safari ya kwenda Kisiwa cha Pasaka ilianza kuandaliwa mwaka huohuo wa 1910, baada ya wataalamu wa jumba la makumbusho la Uingereza kuwaonyesha wanandoa hao kwamba kisiwa hicho bado hakijafanyiwa utafiti wa kina. Waliunda merikebu ya matanga yenye urefu wa futi 90, wakaipa jina Mana, neno la Kipolinesia lenye maana ya nguvu zisizo za kawaida. Sehemu kubwa ya gharama ilitoka katika urithi wa Katherine.

Mana iling'oa nanga katika bandari ya Falmouth mwezi Machi 1913. Ilipita Cape Verde, Brazil, Argentina, Mlango wa Magellan na Chile. Mwaka mzima ulipita njiani, na ndani ya chombo hicho kidogo hapakukosa ugomvi. Mwanaakiolojia kijana, O.G.S. Crawford, ambaye baadaye alipata umaarufu mkubwa, aliteta na wanandoa hao na kushuka Cape Verde. Mtaalamu wa miamba naye aliugua Amerika Kusini na hakufika kisiwani.

Hivyo, walipotia nanga Machi 29, 1914, watafiti waliobaki walikuwa wachache. Mzigo wa kuwahoji wenyeji na kuandika yaliyosemwa ulimwangukia Katherine.

Penye wazee

Aliwakuta watu wapatao 250 tu. Kati ya 1862 na 1863, wafanyabiashara ya utumwa kutoka Peru walikuwa wameteka takriban watu 1,500, wakiwamo machifu na wajuzi wa mila. Wachache waliorudishwa walirudi na ndui. Kufikia 1877, wenyeji waliobaki walikuwa 111. Chile ilikitwaa kisiwa mwaka 1888, kisha ardhi ikawa malisho ya kampuni ya ufugaji wa kondoo, na wenyeji wakafungiwa katika kijiji cha Hanga Roa.

Wageni wengi waliotangulia walizitazama sanamu, kisha wakawatazama watu hao maskini, wakaamua kwamba haiwezekani hawa wawe wajukuu wa wachongaji. Walibuni nadharia za mataifa yaliyopotea na mabara yaliyozama baharini.

Katherine alifuata njia nyingine. Alishirikiana na Juan Tepano, mwenyeji wa Rapa Nui aliyekuwa mkalimani wake na mwongozaji wake. Wawili hao waliwaendea wazee mmoja mmoja, wakiuliza majina ya koo, mipaka ya ardhi, na majukwaa ya mawe yaliyokuwa ya ukoo fulani. Katherine alichora, akaandika, akarudi kuuliza tena pale majibu yalipopishana. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, na kisiwani humo wazee walikuwa wamebaki wa kuhesabika.

Baadhi yao walikuwa katika makao ya wagonjwa wa ukoma, nje ya kijiji. Wakati huo ukoma haukuwa na tiba na uliogopwa mno. Katherine aliingia humo mara kwa mara. Alimtafuta mzee aliyeitwa Tomenika, ambaye ilisemekana anajua kitu kuhusu rongorongo, maandishi yaliyochongwa katika vibao vya mbao. Mzee huyo alimchorea alama kadhaa na kukariri maneno machache, lakini maana yake haikupatikana. Muda mfupi baadaye alifariki, na hadi leo rongorongo haijasomwa.

Katika machimbo ya Rano Raraku, kwenye mlima wa volkeno ambako sanamu zilichongwa, timu ya Mana ilifukua udongo kuzizunguka baadhi ya sanamu zilizoonekana kuwa vichwa vitupu. Ilibainika kwamba vichwa hivyo vina viwiliwili vilivyozikwa na udongo wa karne nyingi, na migongo yake ina michoro.

Katherine aliilinganisha michoro hiyo na chale za miilini ambazo wazee walizikumbuka, na pia na michoro ya Orongo, mahali pa sherehe za mtu-ndege. Katika sherehe hizo, zilizokoma miaka ya 1860, wanaume waliogelea hadi kisiwa kidogo cha Motu Nui kutafuta yai la kwanza la msimu. Mshindi alimletea heshima kubwa mkuu wa ukoo wake. Kutokana na ushahidi huo, Katherine alifikia uamuzi kwamba waliochonga sanamu ndio mababu wa watu wanaoishi Hanga Roa.

Leo jambo hilo linaonekana wazi. Wakati huo lilikuwa kuwarudishia watu historia yao. Tena lilitoka kwa mwanamke ambaye kitabu chake cha kwanza kilikuwa kimewaita watu walio hai watu wa kabla ya historia.

Bibi Angata

Juni 30, 1914, mwanamke mzee aliyeitwa Angata alituma ujumbe kwa meneja wa kampuni ya kondoo. Angata alikuwa mwalimu wa dini ya Kikatoliki, na alisema Mungu amemwonyesha katika ndoto kwamba kisiwa na mifugo yote ni mali ya wenyeji. Watu wake walianza kuchukua ng'ombe na kondoo na kula karamu.

Katherine alijikuta katikati. Meneja alikuwa mwenyeji wake na Mwingereza mwenzake, ilhali waasi ndio watu waliokuwa wakimpa maarifa. Alikwenda kumwona Angata na kumsihi aache. Bibi huyo alimpokea kwa upole, akakataa ombi lake. Hata wakati uasi ukiendelea alimpelekea Katherine zawadi za vyakula.

Meli ya kijeshi ya Chile, General Baquedano, ilifika Agosti 5 na kuuzima uasi kwa kuwakamata viongozi wanne. Angata hakuadhibiwa, lakini alifariki miezi michache baadaye. Katherine hakuunga mkono uasi huo, na hapa hatuna budi kusema kwamba alibaki upande wa wenye mali. Hata hivyo alimwandika Angata kama mtu mwenye haiba na imani, na kumbukumbu zake ni miongoni mwa sababu za bibi huyo kujulikana leo.

Vita Vikuu navyo vilifika. Oktoba 12, 1914, manowari za Kijerumani chini ya kamanda Graf von Spee zilitia nanga kisiwani. Waingereza waliokuwa hapo hawakuwa na habari kwamba nchi yao ilikuwa vitani na Ujerumani tangu Agosti. Manowari hizo ziliondoka siku sita baadaye, na Novemba 1 zikazamisha manowari mbili za Uingereza karibu na pwani ya Chile. Kambi ya Katherine ilinusurika, na kazi ikaendelea hadi Agosti 1915 walipoondoka.

Jina lililofichwa

Mnamo 1919 Katherine alichapisha kitabu cha safari hiyo, The Mystery of Easter Island. Kilipendwa na wasomaji wengi. Mwandishi, kwa mujibu wa ukurasa wa jina, alikuwa Bi Scoresby Routledge. Baada ya miezi 16 ya kuuliza, kuchimba na kuandika, aliwafikia wasomaji kwa jina la mumewe, kama ilivyokuwa desturi.

Kitabu hicho kilikuwa simulizi ya safari. Alikusudia kutoa kingine cha kitaalamu, chenye majina ya koo, michoro na maelezo yote ya wazee. Hakikutokea. Mapema miaka ya 1920 wanandoa hao walisafiri tena Pasifiki, hadi Mangareva, lakini baada ya hapo ugonjwa wa Katherine uliongezeka. Sauti za utotoni zilirudi kwa nguvu, na akaanza kuwashuku waliomzunguka.

Mwaka 1928 alimfukuza mumewe katika nyumba yao ya kifahari karibu na Hyde Park, London, akajifungia ndani pamoja na karatasi zake. Mwaka uliofuata, mumewe na jamaa zake walimtoa humo kwa nguvu, akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Sussex. Hakutoka tena. Alifariki Desemba 13, 1935, akiwa na umri wa miaka 69.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kweli. Ni kweli vilevile kwamba katika miaka hiyo mwanamke aliyeitwa mwendawazimu hakuwa na wa kumsikiliza. Aliyekuwa ameingia katika makao ya wakoma ili neno la mzee mmoja lisipotee alimaliza siku zake mahali ambapo maneno yake hayakutiwa maanani na yeyote.

Mwanamke wa zama nyingine

Mumewe alifariki Cyprus mwaka 1939. Madaftari ya Katherine yalihifadhiwa London na Shirika la Kifalme la Kijiografia. Kwa miongo mingi yalikuwa yakifunguliwa na wataalamu wachache tu. Mwandiko ulikuwa mgumu, na maelezo yamerukaruka.

Mwanaakiolojia Mmarekani Jo Anne Van Tilburg, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alianza kazi Rapa Nui mapema miaka ya 1980. Alikusudia kuzipima na kuziorodhesha sanamu zote. Kila alipotafuta jambo kuhusu sanamu fulani, alikuta Katherine amemtangulia. Hatimaye alimtafiti Katherine mwenyewe, na mwaka 2003 akatoa kitabu cha maisha yake, Among Stone Giants, bila kuuficha ugonjwa wala kuudharau utafiti.

Tofauti kati ya wanawake hao wawili inapimika kwa kitu kimoja. Mradi wa Van Tilburg ameuongoza pamoja na msanii mwenyeji wa kisiwa hicho, Cristián Arévalo Pakarati, kwa cheo sawa. Juan Tepano hakupata nafasi kama hiyo mwaka 1914, ingawa bila yeye Katherine angerudi Uingereza na vipimo vya mawe tu.

Mnamo 2012, picha za uchimbuzi wa mradi huo katika Rano Raraku zilienea katika intaneti. Watu duniani kote walishangaa kuona kwamba vichwa vya Kisiwa cha Pasaka vina miili. Takriban miaka 100 kabla ya mshangao huo, mwanamke aliyenyimwa shahada na Oxford alikuwa amekwisha kuiona miili hiyo, kuichora na kuwauliza wazee maana ya michoro iliyo migongoni mwake.

Utafiti wa siku hizi unaendelea kuyatumia madaftari hayo, kwa kuwa yana majibu ya wazee ambao hakuna anayeweza kuwauliza tena. Tomenika alikufa na siri ya rongorongo kwa kuwa aliulizwa siku zake za mwisho. Huku kwetu pia wapo wazee wanaokumbuka majina ya mito, ya vilima na ya mashamba yaliyotwaliwa. Aliye na mzee wa aina hiyo nyumbani asingoje mgeni avuke bahari ndipo mzee huyo aulizwe.